Kabla ya DJ kulikuwa na mtungi: historia ya bata la Sumbawanga na mama asiye na jina

Ijumaa usiku Sumbawanga baridi haina utani. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mtu aliyetoka Dar na tisheti yake moja anajuta mapema sana. Wenyeji wanajua utaratibu: kwanza koti, halafu ndiyo kiwanja. Jiko la mkaa la mchoma nyama lina kazi mbili, kuchoma nyama na kuwapa joto wateja. Singeli inapigwa, taa zinabadilika rangi, na kila meza haikosi mtu anayejirekodi arushe status.

Waulize vijana wengi pale bata lilianza lini mjini kwao. Jibu ni moja: "Lilikuja na lami." Kabla ya hapo, wanasema, Sumbawanga ilikuwa ni kula ugali na kulala saa mbili.

Hapo wanapigwa chenga na historia. Uwanda wa Ufipa ulikuwa unakula bata kabla Dar haijawa jiji, na bata lenyewe lilikuwa na kazi kubwa kuliko kupiga picha. Tatizo ni kwamba aliyeliandaa hakuna aliyeandika jina lake.

POMBE ILIKUWA NDIYO MSHAHARA

Ufipa ni nchi ya nyasi. Miti ni michache, kwa hiyo ile njia ya majirani upande wa Zambia, ya kukata matawi na kuyachoma ili jivu lirutubishe shamba, haikufaa sana pale juu. Wafipa wakaja na akili yao. Mvua zikikaribia kuisha wanapindua nyasi na udongo, wanazifukia ndani ya matuta makubwa ya mviringo. Nyasi zinaoza humo na kuwa mbolea. Msimu unaofuata wanasambaza yale matuta na kupanda ulezi. Wataalamu wa kilimo waliokuja baadaye waliusifia sana mfumo huo.

Sasa jaribu kuwaza hiyo kazi kwa jembe la mkono. Baba, mama na watoto peke yao hawamalizi shamba. Ilibidi kuita majirani, na majirani walikuja kwa sababu jioni kulikuwa na mtungi wa pombe ya ulezi. Asubuhi jembe, jioni kibuyu kinazunguka, watu wanaimba, wanacheza, wanataniana, vijana wanatupiana macho. Ukimaliza ya kwako, kesho unaenda kwa mwenzio. Ukijifanya mjanja, ukanywa kwa watu halafu siku ya jembe ukapotea, siku yako utalima peke yako.

Kwa hiyo starehe ya Mfipa wa zamani ilikuwa mkataba wa kazi. Bila pombe hakuna shamba, na bila shamba hakuna ulezi wa kupika pombe nyingine.

MENEJA WA SHUGHULI ALIKUWA MAMA

Hapa ndipo anapoingia mhusika mkuu wa habari hii.

Pombe ya ulezi haipikwi kwa kukurupuka. Kwanza unaloweka ulezi mpaka uchipue, unauanika juani, unausaga. Hicho ndicho kimea. Halafu unapika uji, unachanganya na kimea, unaacha uchachuke. Ni kazi ya siku nyingi. Ukiwahi, utawapa watu uji mtamu. Ukichelewa, itakuwa chachu na wageni watakusema mpaka msimu ujao.

Maana yake huyo mama alikuwa anahesabu siku kurudi nyuma. Kama watu wanakuja kulima siku fulani, yeye ameshajua aloweke lini, aanike lini, na afanye nini jua lisipotoka. Hana kalenda ukutani wala simu ya kumkumbusha. Leo mtu wa kazi hiyo anaitwa meneja wa matukio, ana kadi ya biashara na anadai malipo ya awali. Mama yule alikuwa na mtungi, jiwe la kusagia na kichwa chake.

MAJINA YALIYOANDIKWA NA YASIYOANDIKWA

Karne ya 19 Ufipa ilikuwa na tawala zake. Kulikuwa na Milansi, ile ya kale yenye heshima ya kidini, na kulikuwa na Nkansi na Lyangalile zilizogawana uwanda. Mwaka 1880 akapita Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti mwenye umri wa miaka 22, msafiri wa chama cha jiografia cha Uingereza. Aliwaona Wafipa kuwa watu wa kulima zaidi kuliko watu wa vita. Alipofika kwenye Ziwa Rukwa akalipa jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji ambaye hajawahi kukanyaga pale.

Mwaka 1885 mapadri wa White Fathers wakaingia Karema, pembeni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka kwenye misheni za ziwani dini ikapanda mpaka juu kwenye uwanda. Wajerumani nao wakajenga boma Kasanga na kuiita Bismarckburg.

Ona sasa. Mfalme wa Ubelgiji ana jina kwenye ramani ya Rukwa. Waziri mkuu wa Ujerumani ana jina kwenye bandari ya Ufipa. Watemi wana majina, mapadri wana majina. Mama aliyelisha na kunywesha watu waliolima uwanda mzima ameandikwa "wanawake", basi.

VITA, KODI NA SHILINGI YA KWANZA

Starehe mpya zikaanza kuingia. Mwishoni mwa karne ya 19 pwani kulizaliwa ngoma ya beni. Watu walivaa sare, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakapiga tarumbeta na kushindana kwa mavazi. Vita ya 1914 mpaka 1918 iliibeba ngoma hiyo bara, mikononi mwa askari na wapagazi. Na vita yenyewe kwa upande wa Afrika Mashariki iliishia jirani kabisa na Ufipa: Wajerumani walisalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Zile fasheni ambazo watu wanadhani zilianza na video za YouTube, babu zao walishazicheza.

Lakini kilichobadilisha mambo kweli ni kodi. Serikali ya kikoloni ilitaka hela taslimu, si ulezi. Wanaume wengi wakaondoka kutafuta vibarua, wengine kwenye mashamba ya mkonge, wengine kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Nyumbani alibaki mama, na mama naye alihitaji shilingi. Alikuwa na ujuzi mmoja ambao kila mtu aliuhitaji.

Pombe iliyokuwa mshahara ikaanza kuwa biashara. Kibuyu kilichozunguka bure sasa kikawa na bei.

MJINI WALISHAIONA HIYO HELA

Mama wa Ufipa hakuwa peke yake. Miji mingi ya Afrika ilijengwa na wanawake wapika pombe, na wakubwa wa miji wakaiona hiyo hela. Kule Durban, Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1908 iliipa halmashauri ya mji haki ya kupika na kuuza pombe kwa Waafrika yenyewe, na wanawake wakawa wahalifu kwa kufanya kazi yao ile ile. Miaka ya 1920 Nairobi ikaiga, ikafungua kilabu chake Pumwani. Mwaka 1959, Cato Manor, Durban, kina mama wakachoka. Wakavamia kilabu cha halmashauri, wakatimua wanaume na kumwaga pombe chini.

Tanganyika ilipopata uhuru, mtindo wa leseni uliendelea. Sheria ya vileo ya mwaka 1968 iliweka masharti ya nani auze na kwa kibali gani. Gongo ilibaki haramu. Kilabu cha pombe za kienyeji kikaruhusiwa kwa masharti. Kwa hiyo mama akaanza kulipia ushuru kwa kitu ambacho bibi yake alikipika kwa ajili ya majirani.

REDIO, LIEMBA NA SUTI ZA JIONI

Mwaka 1951 Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo, na muziki wa dansi ukaanza kufika sehemu ambazo bendi isingefika. Upande wa ziwa kulikuwa na Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa vitani na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na kurudi majini mwaka 1927. Ikitia nanga Kasanga au Kipili ilikuwa inashusha watu, vitenge, migebuka na nyimbo kutoka pande zote za ziwa. Rumba ya Kongo haikuhitaji pasipoti.

Kulikuwa na breki pia. Kuanzia Januari 1969 vijana wa TANU waliendesha Operesheni Vijana, na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa vita. Wazee wanaosema "vijana wa siku hizi" wakumbuke kuwa na wao walisemwa.

Mwaka 1974 ukazaliwa Mkoa wa Rukwa, Sumbawanga ikawa makao makuu. Wakaja maofisa, walimu, manesi na askari, watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na wasio na shangazi mjini wa kuwapikia. Hapo ndipo gesti, mgahawa na baa vilipopata mteja wa uhakika. Mahindi nayo yakapamba moto, Rukwa ikawa kwenye orodha ya mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hata kwenye mtungi mahindi yakaingia, komoni ikakaa meza moja na pombe ya ulezi.

Mhusika mwingine asiye na jina ni dereva wa lori. Barabara ya vumbi kwenda Tunduma masika ilikuwa tope tupu. Lori likikwama, dereva anakula alipokwama, anakunywa alipokwama, analala alipokwama. Mama ntilie na mama wa kilabu wa vijiji vya njiani walimjua vizuri kuliko mke wake.

LAMI IKAJA, CHUPA IKAJA

Februari 2008 Tanzania na Marekani zilisaini mkataba wa MCC wa dola milioni 698, na barabara ya Tunduma mpaka Sumbawanga ilikuwa mojawapo ya kazi zake. Lami ilipokamilika mambo yakageuka. Bia ya chupa ikawa inafika kirahisi, DJ naye akaja na spika zake. Umeme wenyewe uliowasha hizo taa za rangi, kwa miaka mingi Sumbawanga imeupata kutoka Zambia.

Basi vijana hawajakosea kabisa. Lami ilileta bata la aina yake. Ila lilipoingia kwa mlango wa mbele, mtu fulani alianza kusogezwa kuelekea mlango wa nyuma.

Nenda kwenye kilabu cha kienyeji leo. Utakuta kimpumu, pombe nzito ya ulezi inayotiwa maji ya moto na kunyweshwa kwa mrija, watu wamekizunguka chombo kimoja. Kwa baridi ya Ufipa hakuna kinywaji chenye akili kama hicho. Lakini vijana wanaita "pombe ya wazee" na wanapita haraka wasionekane. Afadhali kupiga picha na chupa moja ya bia, kuishika usiku kucha mpaka ipate joto.

Tusidanganyane, kilabu nacho kina mabaya yake. Kuna walevi wa asubuhi, kuna baba anayeacha ada ya mtoto kwenye mrija, kuna usafi wa kutilia shaka. Tatizo la ulevi halikuanza wala halijaisha na pombe za kienyeji: viroba vilitoka kiwandani, tena vikiwa na lebo nzuri, na ilibidi serikali ivipige marufuku Machi 2017.

Tofauti ni hela inakwenda wapi. Bia ya chupa ikinunuliwa, mwenye baa anapata kidogo, sehemu kubwa inapanda gari kurudi ilikotoka. Mtungi ukinunuliwa, hela inabaki mtaani. Inanunua ulezi kwa mkulima wa jirani, inalipa mwenye mashine ya kusaga, inanunua daftari. Wapo watu kibao wenye degrii na ofisi nzuri mijini ambao ada yao ilipatikana kwa kibuyu, na kwenye sherehe zao za kuhitimu hawalisemi hilo.

Mama mwenyewe bado yupo. Leo ameloweka, kesho kutwa ataangalia kama imechipua, keshokutwa ya pili ataomba jua litoke. Bado anahesabu siku kurudi nyuma kama alivyofanya bibi wa bibi yake.

Swali kwa wadau: kwenu nani alikuwa mpishi wa pombe ambaye mtaa mzima ulimtegemea? Vitabu havikumwandika. Tupia jina lake hapo chini kwenye maoni, lisomeke angalau mara moja.