Mateka wa Vita katika Mgodi wa Miike

Kambi Namba 17 ya Fukuoka ilikuwa kambi ya mateka wa Vita Kuu ya Pili katika mji wa Omuta, kisiwani Kyushu, Japani. Ilifunguliwa Agosti 1943 kwa Wamarekani wapatao 500 waliotekwa Ufilipino, baadhi yao wakiwa manusura wa matembezi ya kifo ya Bataan ya 1942. Baadaye waliletwa Waingereza, Waholanzi na Waaustralia. Mateka wengi walivushwa bahari wakiwa wamesongamana ngamani mwa meli za mizigo, bila hewa wala maji ya kutosha.

Kambi ilikuwepo kwa ajili ya mgodi wa makaa ya mawe wa Miike, mali ya kampuni ya Mitsui, ambao mahandaki yake yalipita chini ya bahari ya Ariake. Wachimbaji wengi wa Kijapani walikuwa wameitwa jeshini, huku viwanda vya silaha vikizidi kudai makaa. Pengo lao lilizibwa na Wakorea, Wachina na mateka. Miike ilikwisha kuzoea nguvu kazi isiyo na hiari: tangu karne ya 19, wafungwa wa jela walichimba humo.

Zamu ilikuwa ya takriban saa 12. Manusura walieleza kwamba walipelekwa sehemu kuukuu zilizokwisha kuachwa, wakaamriwa kuchimba hata nguzo za makaa zilizobakizwa zishikilie paa. Nguzo ya namna hiyo ikiondolewa, uzito wote wa juu hukosa pa kuegemea, na mawe huporomoka juu ya anayechimba. Waliochelewa kazini walipigwa. Chakula kilikuwa wali kidogo na mchuzi mwepesi, hivyo mtu alirudi handakini akiwa dhaifu kuliko jana. Wapo waliomwomba mwenzao awavunje mkono au mguu ili wasishuke tena. Sijui kipimo kingine kinachoeleza kazi ile vizuri zaidi ya hicho.

Mkataba wa Geneva wa 1929 ulikataza kuwapa mateka kazi za hatari. Japani iliutia saini bila kuuridhia, lakini mwaka 1942 iliahidi kufuata masharti yake kwa kadiri itakavyowezekana. Ahadi hiyo haikufika Omuta.

Tarehe 9 Agosti 1945 baadhi ya mateka waliona, ng'ambo ya ghuba, wingu la bomu la Nagasaki. Siku chache baadaye vita viliisha.

Mkuu wa kambi, Fukuhara, alihukumiwa na kunyongwa mwaka 1946. Kampuni iliyonufaika na jasho lile haikuguswa vivyo hivyo. Mkataba wa San Francisco wa 1951 ulifuta madai ya raia wa nchi washirika, na mwaka 1999 Lester Tenney, aliyechimba Miike, alipoishtaki Mitsui huko California, mahakama iliegemea mkataba huo kuitupa kesi. Huo haukuwa uadilifu: serikali ya Marekani ilisamehe deni ambalo halikuwa lake.

Julai 2015 kampuni nyingine, Mitsubishi Materials, iliwaomba radhi hadharani Wamarekani waliotumikishwa katika migodi ya kampuni iliyoitangulia. Mwezi huohuo, mashimo mawili ya Miike, Miyanohara na Manda, yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO kama alama za maendeleo ya viwanda ya enzi ya Meiji.