Haki ya Kumuaga Mtoto Aliyezaliwa Mfu

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, hospitali za Uingereza ziliamini kwamba mama aliyejifungua mtoto mfu angepona haraka asipomwona. Mtoto aliondolewa leba upesi, mama akatulizwa kwa dawa, kisha akahimizwa kushika mimba nyingine. Mazishi yaliachiwa hospitali, mara nyingi katika makaburi ya pamoja ambayo wazazi hawakuonyeshwa. Waliofanya hivyo walidhani wanamkinga mzazi na uchungu. Hata hivyo, nia njema si ushahidi, na wafiwa wenyewe hawakuulizwa.

Ushahidi ulipoanza kukusanywa, ulielekea kwingine. Mwaka 1968 Stanford Bourne, daktari wa magonjwa ya akili jijini London, alionyesha kwamba madaktari wenyewe walikwepa kujua na hata kukumbuka habari za wagonjwa wao waliozaa watoto wafu. Mwaka 1976 Emanuel Lewis alieleza katika jarida la The Lancet kwamba ni vigumu kumwomboleza mtu usiye na kumbukumbu yake, akashauri wazazi wasaidiwe kumwona mtoto, kumpa jina na kumzika. Miaka miwili baadaye wafiwa waliunda chama kinachojulikana leo kama Sands. Mabadiliko yakaingia wodini: picha, alama za nyayo, na muda wa kukaa na mtoto.

Wapo waliopinga, na hoja yao ina uzito. Mwaka 2002 utafiti wa Patricia Hughes na wenzake uliwakuta wanawake waliomshika mtoto wakiwa na sonona zaidi katika mimba iliyofuata. Lakini wafiwa waliochunguzwa walikuwa 65 tu, na mwanamke mmoja hawezi kupimwa kwa wastani wa wengine. Utafiti huo haukurudisha hekima ya kuficha. Ulikataza kugeuza ruhusa kuwa shuruti. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2014 ulifuata njia hiyo: wazazi waelezwe uwezekano wote, kisha waamue.

Hoja nyingine ni kwamba huduma hii ni ya nchi tajiri, ilhali wodi zetu zina wakunga wachache. Ni kweli vyumba vya faragha ni gharama. Ila kumuuliza mzazi kama angependa kumwona mwanawe, kungoja jibu na kuliheshimu, kunahitaji mkunga aliyefundishwa hivyo. Mafunzo hayo yaanze vyuoni sasa.