Wasifukazi

'''Wasifukazi''' (pia: '''wasifu wa kazi''', '''tawasifu-kazi''' au '''maelezo binafsi''', kifupi '''CV''', kutoka Kilatini ''curriculum vitae'', yaani "mwendo wa maisha") ni hati fupi inayoeleza elimu, ujuzi na uzoefu wa mtu anayeomba kazi, nafasi ya masomo au ufadhili. Kwa kawaida huambatishwa na barua ya maombi. Hati hii peke yake haimpatii mtu kazi; shabaha yake ni kumfanya mwajiri amwite mwombaji kwenye usaili.

== Historia ==
Barua ambayo Leonardo da Vinci alimwandikia Ludovico Sforza, mtawala wa Milano, mnamo mwaka 1482 hivi, hutajwa mara nyingi kama wasifukazi wa kwanza. Ndani yake alipanga kwa namba kazi alizoweza kufanya, zikiwemo kujenga madaraja mepesi ya kubebeka, kutengeneza mizinga na kuchimba njia za chini ya ardhi. Uchoraji, ambao ndio uliompa umaarufu baadaye, aliutaja mwishoni tu, maana barua ilipangwa kwa kufuata mahitaji ya mpokeaji.

== Yaliyomo ==
Wasifukazi wa kawaida una sehemu zifuatazo:
* jina kamili, anwani, namba ya simu na barua pepe;
* muhtasari wa mistari michache juu ya mwombaji;
* uzoefu wa kazi, kuanzia wa karibuni kurudi nyuma;
* elimu na mafunzo;
* ujuzi mwingine, kama vile lugha, kompyuta au leseni ya udereva;
* majina ya wadhamini wanaoweza kuthibitisha habari hizo.

Urefu unaopendekezwa mara nyingi ni kurasa moja hadi mbili, isipokuwa kwa wanataaluma wa vyuo vikuu, ambao huorodhesha pia machapisho yao.

== Tofauti kati ya nchi ==
Nchini Marekani waajiri wengi hutaka hati ya ukurasa mmoja au miwili iitwayo ''résumé'', na jina CV hutumika hasa kwa hati ndefu ya wanataaluma. Huko na Uingereza picha, umri na dini kwa kawaida haviandikwi, ili kuepuka ubaguzi. Umoja wa Ulaya una muundo wa pamoja uitwao Europass.

Nchini Tanzania matangazo ya kazi za serikali huwataka waombaji kuambatisha maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika. Nchini Kenya uandishi wa tawasifu-kazi hufundishwa pia katika somo la Kiswahili shuleni.

== Msaada wa kitaalamu ==
Baadhi ya waombaji hutafuta msaada wa mwandishi wa wasifu, mshauri wa ajira au ofisi ya ushauri ya chuo. Mtaalamu mzuri huanza kwa kumhoji mwombaji na kusoma tangazo la kazi, ndipo aandike. Mara nyingi mtu husahau au kudharau mambo ambayo kwa mwajiri yana uzito. Kwa mfano, aliyeandika "nilikuwa dukani" anaweza kuwa alisimamia wauzaji wanne, alifunga hesabu kila jioni na kuagiza bidhaa. Mtaalamu huyaibua hayo na kuyaandika kwa vitenzi na tarakimu.

Mtaalamu hurekebisha pia mpangilio. Kampuni nyingi kubwa hutumia programu za kompyuta kupokea na kuchuja maombi. Programu hizo zinaweza kushindwa kusoma majedwali, picha na mapambo, hivyo muundo rahisi wenye maneno yaliyomo katika tangazo hufaa zaidi.

Kiolezo kimoja kinachouzwa kwa watu wengi hakina faida hiyo, kwa kuwa wasifu unapaswa kubadilishwa kulingana na kazi inayoombwa.

== Ukweli wa taarifa ==
Hata ukiandikwa na mtu mwingine, wasifukazi hubaki kuwa tamko la mwombaji. Yeye ndiye atakayeulizwa kwenye usaili, na yeye ndiye atakayewajibika uongo ukigundulika. Mnamo Aprili 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma nchini Tanzania ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao waliondolewa kazini, wengine baada ya utumishi wa miaka mingi.

Kumlipa mtu kwa kuandika wasifu ni tofauti na kulipia kazi yenyewe. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wa ajira wasiwatoze wafanyakazi ada, isipokuwa katika hali maalumu. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa wasifu anayeahidi nafasi ya kazi kwa malipo hutazamwa kama dalili ya utapeli.