Kuokoa, Kufufua au Kuopoa?

Mteja akifika kwa fundi na DVD ya harusi iliyogoma, maelezo yake aghalabu hayazidi neno moja: imekufa. Fundi mwenye haraka naye hujibu kwa neno lake: iache hapa, nitaifufua. Baina ya kifo hicho na ufufuo huo hakuna aliyesema diski imepatwa na nini. Ukimya huo una gharama, kwa sababu diski za mwanga, yaani CD, VCD, DVD na Blu-ray, haziharibiki kwa namna moja. Kiswahili kina kitenzi kwa karibu kila namna, na mtu akishakipata kitenzi sahihi amekaribia kujua kama dawa ipo.

Haisomeki ni neno bora kuliko imekufa. Kauli ya kutendeka ina ustaarabu wake: husema jambo limeshindikana bila kumtaja aliyeshindwa. Na anayeshindwa mara nyingi ni deki. Lenzi ikiwa na vumbi, au leza ikiwa imechoka, hata diski safi haisomeki. Diski hiyohiyo ikipelekwa kwenye draivu ya kompyuta nyingine, ikazungushwa kwa kasi ndogo, huweza kutoa kila kitu. Kusomeka ni jambo la wawili. Kwa hiyo fundi makini hasemi “haisomeki” akanyamaza. Hutaja haisomeki wapi, kwenye mashine ipi, kwa kasi gani.

Imani kwamba mkwaruzo ni kifo tumeirithi kutoka santuri. Ndivyo ilivyoitwa sahani ya gramafoni, na CD zilipoingia wapo waliozipa jina hilohilo. Umbo liliruhusu, tabia ya kitu haikuruhusu. Kwenye santuri sindano hupita ndani ya mfereji wenye muziki, na kila upigaji huula kidogo. CD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1982 kwa kazi ya Sony na Philips, haiguswi na chochote inapochezwa. Leza hupenya plastiki angavu ya polikaboneti yenye unene wa milimita 1.2, hufika kwenye tabaka linaloakisi mwanga, na hapo husoma alama ndogo zilizopangwa kwenye mstari mmoja unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni. Mstari huo ukinyooshwa huzidi kilomita 5. Mikwaruzo tunayoiona tukiinamisha upande unaong'aa iko kwenye plastiki; haijafika kwenye data. Aliyezoea santuri hulia mapema.

Namna ya kwanza ya kuharibika, basi, ni kuchafuka tu, na hapa lugha ina mtego wake. Mteja husema “nifutie hii CD”, na kufuta kwetu ni kuondoa vumbi na ni kuondoa maandishi pia. Kwenye CD-RW na DVD-RW maana zote mbili zinawezekana, na ya pili haina kurudi nyuma. Pangusa haina utata huo. Nako kupangusa kuna mwelekeo: kitambaa laini kisichotoa nyuzi hupitishwa kwa mstari ulionyooka kutoka tunduni kwenda ukingoni, wala hakizungushwi kama anayeosha sahani.

Sababu ya mwelekeo huo imo katika hesabu. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon, wa Maabara ya Lincoln ya MIT huko Marekani, walichapisha njia ya kuongeza tarakimu za ziada kwenye ujumbe ili sehemu ikiharibika iweze kukokotolewa upya. CD imejengwa juu ya njia hiyo. Kila baiti 24 za muziki husindikizwa na baiti 8 za ulinzi, kisha zote hutawanywa ili majirani wasikae pamoja. Doa likiziba eneo moja, kila kundi hupoteza kidogo tu, na kidogo hicho hupatikana tena kwa hesabu. Uwezo huo hufika takriban biti 4,000 zilizoharibika mfululizo, sawa na milimita 2.5 hivi za mstari. Mkwaruzo unaokatisha kutoka ndani kwenda nje huvuka kila mzunguko kwa upana wake mdogo, na hesabu huumudu. Mkwaruzo unaoufuata mstari humaliza akiba yote. Kitambaa kikiwa na chembe ya mchanga, mwelekeo wa mkono ndio unaoamua mkwaruzo upi utazaliwa.

Kukwaruzika ni namna ya pili, na swali lake la kwanza ni: upande upi? Wengi huilaza CD upande unaong'aa ukiwa juu, wakiamini huo ndio uso wa kulindwa. Kwa CD ni kinyume. Tabaka la data liko mara tu chini ya upande wa jina, limefunikwa na vanishi nyembamba na wino basi. Peni ngumu ikikandamizwa kuandika tarehe ya sherehe inaweza kulifikia, na hapo hakuna cha kusugua. DVD ni sahani mbili za milimita 0.6 zilizounganishwa kwa gundi, data ikiwa katikati, kwa hiyo huvumilia zaidi. Blu-ray imeiweka data milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa, ndiyo maana hupakwa ganda gumu. Kusema “imekwaruzika” bila kutaja upande ni kutoa nusu ya taarifa.

Mkwaruzo wa upande wa plastiki hung'arishwa. Husuguliwa kwa msasa laini sana na dawa ya kung'arishia, au kwa dawa ya meno pale ambapo hakuna kingine, hadi kingo zake zilainike na mwanga upite bila kupinda. Kitenzi ni kung'arisha, na kinatosha: kinasema plastiki imepunguzwa, hakisemi data imeongezwa. Blu-ray isiguswe kwa mchezo huo.

Namna ya tatu Waingereza huiita kuoza. Kiswahili kina neno lililo karibu zaidi na kinachotokea: kuliwa. Alumini haiozi. Huliwa na hewa na unyevu vinavyopenya pale vanishi ilipopasuka, na ukiishika diski mbele ya taa unaona vitundu vya mwanga. Kisa maarufu ni cha kiwanda cha PDO kilichokuwa Blackburn, Uingereza. CD zilizotoka hapo kati ya 1988 na 1993 zilianza kugeuka rangi ya shaba, kwa kuwa vanishi yake haikustahimili salfa iliyomo kwenye karatasi za majalada. Karatasi iliyowekwa kuilinda diski ndiyo iliyoila. Palipoliwa hapana kioo cha kuurudisha mwanga, na ung'arishaji wa plastiki hauna la kufanya hapo.

Namna ya nne, kufifia, ni ya diski za kuchoma. Kuchoma CD ni msemo ulioletwa na teknolojia, lakini mtaa ulibahatika: ndilo tendo lenyewe. Filamu ya dukani inayotoka kiwandani hupigwa chapa, vishimo vyake vikafinyangwa ndani ya plastiki. CD-R na DVD-R hazina vishimo vya namna hiyo. Zina tabaka la rangi ambalo leza huliunguza madoa. Rangi hiyo hufifia kwa jua na joto, polepole, bila alama ya kuonekana kwa macho. Diski iliyokaa miaka kwenye dashibodi ya gari yaweza isiwe na mkwaruzo hata mmoja na bado isomeke kwa taabu. Mwenyewe huapa kuwa ni mpya, kumbe ni safi tu. Dawa yake ni kuwahi: isomwe leo, kabla tofauti ya penye doa na pasipo doa haijapungua zaidi.

Kisha kuna diski isiyo na ugonjwa wowote, ila haijafungwa. Kamera zilizokuwa zikirekodi moja kwa moja kwenye DVD ndogo za sentimita 8 huandika picha kwanza. Orodha ya yaliyomo hukamilishwa mwishoni, mtu anapobonyeza amri ya kufunga. Amri hiyo isipotolewa, kipaimara chote kimo ndani lakini njia ya kukifikia haimo. Deki husema hakuna diski. Kompyuta huweza kusema diski ni tupu na kukukaribisha uchome kitu juu yake. Hakuna neno la hatari kwa diski kuliko hili tupu, kwa sababu mwenye nalo hujiona ana ruhusa. Njia ya kwanza ni kuirudisha diski kwenye kamera ileile na kuifunga. Ya pili ni kutumia programu isiyouliza orodha, inayosoma sekta moja baada ya nyingine na kuitambua video kwa alama zake za mwanzo.

Watazamaji nao wana istilahi zao, na ni sahihi kuliko wanavyodhani. Husema VCD “inatoa miraba”, husema CD ya mafaili “inagoma”. Tofauti hiyo ina msingi. Sekta ya CD ina baiti 2,352. CD ya mafaili hutumia 2,048 kwa data, na sehemu kubwa ya zinazobaki huwa safu ya ziada ya ulinzi, kwa kuwa tarakimu moja ikikosewa kwenye programu au kwenye hesabu za ofisi, kazi yote huweza kuharibika. VCD hubeba baiti 2,324 za video katika sekta hiyohiyo: safu hiyo imeachwa makusudi ili picha nyingi zaidi zienee. Kwa hiyo kosa likipita, halizuiwi, huonekana. Uso wa msanii hugeuka miraba, na miraba hiyo hubaki mpaka picha kamili inayofuata ifike, kama nusu sekunde baadaye, kwani picha za katikati huandika mabadiliko tu. Kuganda na miraba ni dalili kwamba data bado inapita. Kugoma ni mashine kukataa kutoa isichoweza kukithibitisha. VCD yenye miraba kwa kawaida hunakilika, hata kwa mapengo. Faili lake la video, lenye tamati DAT, hupokelewa lilivyo.

Sasa kazi yenyewe iitweje? Wagombea ni wanne. Kurejesha ni neno la ofisini, lakini kinachorejeshwa hutarajiwa kirudi kama kilivyoondoka. Kufufua kunaahidi kwamba diski itacheza tena. Kwa kawaida haitacheza, na kitakachochezwa ni nakala. Kuokoa kunapendeza, ila hakutaji kilichozama. Magazeti yetu huijua tofauti hiyo. Kivuko cha MV Nyerere kilipozama karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, Septemba 2018, habari zilitaja waliookolewa na zikataja miili iliyoopolewa, na hakuna msomaji aliyechanganya. Kuopoa ni kukitoa kilichozama bila kuahidi hali yake. Hilo ndilo neno langu.

GNU ddrescue, programu ya Antonio Díaz Díaz iliyoanza mwaka 2004, hufanya kazi kwa mantiki ya kitenzi hicho. Huchukua kwanza yanayochukulika kwa urahisi, na penye ugumu huruka mara moja ili draivu isichoshwe. Kisha huzirudia kingo za maeneo yaliyorukwa, hukwangua sekta moja moja, na mwisho huzijaribu tena zilizokataa, mara nyingi kadiri utakavyoiagiza. Wakati wote huandika ramani ya kilichopatikana na kisichopatikana. Ukiihamishia diski kwenye draivu nyingine, kazi huendelea palepale ilipoachwa. Ukipata nakala ya pili iliyochomwa kutoka chanzo kilekile, yenye mikwaruzo mahali pengine, mapengo ya kwanza hujazwa kutoka ya pili. Video za harusi mara nyingi hutolewa nakala kwa wazazi wa pande zote mbili. Fundi mwenye akili huuliza kwa wakwe kabla hajashika msasa. Na DVD za video zina nakala ndani yao wenyewe: faili la maelekezo lenye tamati IFO lina pacha wake mwenye tamati BUP, na la kwanza likiharibika la pili hushika nafasi yake.

Kwa hiyo tuite kazi hii uopoaji wa data, na programu yake tuiite kiopoo, jina ambalo tayari ni la mti wenye kulabu wa kuopolea kilichotumbukia. Familia nzima ya maneno inapatikana bila kubuni chochote: mwopoaji, kilichoopolewa, kisichoopoleka. Hilo la mwisho linahitajika kuliko yote, kwa sababu kila kazi ya namna hii huwa nalo, na mafundi wengi hawalitaji.

Mahali pa kulitaja ni kwenye risiti. “CD moja, kufufua” haimwelezi mteja alilipia nini. Linganisha na hii: “DVD-R, imefifia, haisomeki kwenye deki, imesomeka kwenye draivu kwa kasi ndogo, zimeopolewa sekta zote isipokuwa za ukingoni, kukata keki hakumo.” Data huanza katikati ikaishia nje, kwa hiyo ukingo wa diski iliyojaa ndio mwisho wa sherehe, na ukingo ndio unaoshikwa na vidole. Mteja ataguna, pengine ataomba punguzo. Lakini ana cha kubishia, fundi ana cha kutetea, na wote wawili wanajua nakala ya wakwe itafutwe kwa ajili ya dakika zipi.