Skrini ya Inchi Tano

Skrini ya kwanza ya gemu niliyoiona ndani ya gari ilikuwa ya inchi tano, imefungwa kwa mpira wa tyubu juu ya dashibodi ya Nissan ya brathe wangu. Si yake hasa. Yeye alikuwa makanga tu, namba 58, Buruburu, lakini enzi hizo makanga wa manyanga alijibeba kama mwenye gari na mtaa ukakubali.

Kitu chenyewe kilikuwa PS one, ile PlayStation ndogo nyeupe ambayo Sony ilitoa mwaka 2000, halafu ikaiundia skrini yake ya kufunika. Ilikula volti 7.5 pekee, kwa hivyo waya wa kwenye tundu la kiberiti cha gari uliitosha. Brathe aliipata Luthuli, mtumba, skrini ikiwa na mkwaruzo. Jioni gari likingoja zamu steji, sisi watoto tulilipa bob tano tano kucheza mechi moja. Asubuhi ilikuwa ya abiria wa kiti cha mbele, bure.

Bure hiyo ilikuwa biashara. Tangu 1973, Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu kubeba watu bila leseni ya uchukuzi, mathree zimekuwa zikinyang'anyana abiria. Na Eastlands ni mitaa iliyojengwa watu walale, kazi iko tao na Industrial Area, kwa hivyo kila asubuhi Buruburu, Jericho na Makadara wote wanamwagika Jogoo Road. Nauli ni ileile, jam ni ileile. Kijana achague gari kwa nini? Muziki kwanza, halafu video, halafu gemu. Wazee husema huo ulikuwa utoto. Mimi nasema hao hawakuwahi kukwama pale City Stadium dakika arobaini.

Halafu akaja John Michuki. Sheria zake zilichapishwa 2003, na Februari 2004 zikaanza kuuma: mkanda kila kiti, spidi isipite kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, watu 14 kwenye Nissan iliyozoea 18. Magari yakatoweka barabarani, watu wakatembea hadi kazini. Sibishi, watu walikuwa wanakufa ovyo. Lakini mwenye Nissan yetu hakuwa na pesa za kulirekebisha, akaliuza, na brathe akarudi nyumbani na begi, yunifomu aliyoivaa siku chache, na PS.

Mathe alitaka iuzwe. Walikosana vibaya, siku tatu hakuna anayeongea. Mwishowe brathe aliiweka kibandani, akaazima TV ya jirani, na bob tano zikarudi. Karo yangu ya kidato cha kwanza ilitoka hapo, sarafu kwa sarafu. Bursar alizihesabu akinikodolea macho.

Mwishoni mwa 2004 ikaja PS2 nyembamba, inayotumia volti 8.5 kupitia adapta ya nje, na mafundi wa mtaa wakaona mwanya. Brathe alijifunza kwa kuharibu. Hakujua Isuzu kubwa hutumia volti 24, si 12 kama Nissan. Akaunganisha moja kwa moja, moshi ukatoka, na mashine haikuwa yake. Alilipa miezi minne. Mpaka leo hashiki waya kabla ya kupima.

Uhuru Kenyatta alipoachilia graffiti mwishoni mwa 2014, nganya zikarudi na rangi zote, skrini kwenye paa, nyingine mgongoni mwa kila kiti, na nyingine zina PlayStation kabisa. Mtoto wa shule anashuka Donholm analalamika kwamba jam imeisha mapema. Brathe ndiye hufunga baadhi ya hizo waya, karakana moja ya jua kali, na kijana wake humshikia tochi.

Ile ya inchi tano iko juu ya kabati ya mathe. Waya wa kiberiti ulipotea tukihamia Umoja.