Mafuta katika injini ya mapigo mawili

mafuta *nm* [ya-/ya-]

Neno hili ni pana mno. Hujumuisha petroli, dizeli, mafuta ya taa, ya kupikia, ya kujipaka na yale ya kulainishia vyuma, na katika mazungumzo muktadha hutosha kuondoa utata. Kwa mwenye msumeno wa mnyororo au mashine ya kufyekea nyasi, utata huo waweza kumgharimu injini nzima. Akiambiwa "tia mafuta", naye akatia petroli tupu, pistoni itakwaruzana na silinda hata injini inoki. Injini hizi hazina mahali pa pekee pa kuwekea oili. Oili huchanganywa ndani ya petroli kwa kiasi anachotaja mtengenezaji. Uwiano wa 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. Wa 25:1 ni mililita 40. Kwa hiyo katika maandishi ya kiufundi yafaa kuandika *petroli*, *oili* na *mchanganyiko*. (Wapo pia wanaoziita injini hizi za "viharusi viwili", ilhali kiharusi ni maradhi.)

Matumizi: "mashine haipati mafuta"

Kauli hii hubeba hitilafu nyingi zisizofanana. Kabla ya kuigusa kabureta, plagi ndiyo ya kuulizwa. Vuta kamba mara kadhaa, kisha uifungue. Ikiwa kavu, mchanganyiko haufiki kwenye silinda. Ikiwa imelowa na kunuka petroli, mchanganyiko unafika. Kosa liko kwenye cheche, au choki imetumiwa kupita kiasi. Kazi hii hufanywa injini ikiwa imepoa na mbali na moto, kwa kuwa mvuke wa petroli hushika moto hata kama petroli yenyewe haijaguswa na mwali.

Plagi kavu humrudisha mtu kwenye tangi. Chujio lililo kwenye ncha ya mpira wa petroli huziba, na mpira wenyewe ukipasuka hunyonya hewa. Kinachowahadaa wengi ni tundu la hewa la tangi. Likiziba, petroli hutoka bila hewa kuingia mahali pake. Mashine huzima baada ya dakika chache, ikapumzishwa, ikawaka tena kana kwamba haikuwa na neno. Izimapo, legeza kifuniko: hewa ikisikika ikifyonzwa ndani, tundu ndilo lenye kosa.

Kabureta ya mashine nyingi za kushikwa mkononi haina boya bali viwambo viwili. Kimoja husukumwa na mabadiliko ya shinikizo katika chumba cha krenki na kuvuta petroli. Kingine hupima kiasi kinachopita. Ndiyo maana msumeno hufanya kazi hata ukilazwa ubavu. Viwambo hukakamaa, hasa petroli ikiachwa humo kwa miezi. Mashine inayowaka choki ikiwa imefungwa, kisha ikazima choki inapofunguliwa, huashiria jeti iliyoziba au hewa inayopenya pasipotakiwa.

Skrubu yenye alama L hurekebisha mwendo wa chini, H mwendo wa juu. Mafundi wa haraka huikaza H ili mashine ilie kwa kasi, na mteja husifu kwamba imechangamka. Hakuna marekebisho mabaya kuliko haya: petroli ikipunguzwa, oili iliyomo nayo hupungua, na mlio huo mkali huwa ni wa chuma kinachokosa kilainishi.

Wavu wa silensa nao ukiziba kwa masizi, mashine hukosa nguvu ijapokuwa mchanganyiko unafika sawasawa. Hapo kuifungua kabureta hakusaidii.

Vitenzi. Injini *huwaka* au *huwashwa*. *Huzima* au *huzimika*. *Kunoki* husemwa pistoni inaposhikamana na silinda. "Imenoki" na "imezima" hazibadilishani, kwa maana iliyozima huwashwa tena.