Faili Lisilo na Maneno

Nilipakua MIDI ya wimbo wa zamani wa kanisa nikiwa kwa Shosho, Ngurubani, nijifunze sauti ya tatu. MIDI hiyo haikuwa na maneno, ilikuwa noti tupu. Shosho akaidaka tuni, akaimba. Lakini wapi! Hayakuwa maneno ya kitabuni.

Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Wafuasi wa Mau Mau walikuwa wakichukua tuni za wamishenari na kuzitia maneno ya ardhi na uhuru. Askari mgeni akipita nje, anasikia ibada tu. Na mashamba haya ya mpunga ya Mwea, mahabusu wa wakati huo ndio walioanza kuyachimba.

Mtandaoni wimbo una mtunzi, ufunguo, ukubwa wa faili. Basi.

Nikamwomba Shosho arudie nirekodi.

"Zima simu kwanza," akasema.